Mwezi wa Pembe Nane: Historia ya Alama za Kinga katika Darizi ya Kipalestina

Miongoni mwa alama zilizodariziwa kwa mshono wa msalaba kwenye nguo za wanawake wa Kipalestina, ni chache zilizoenea kama ile iitwayo qamar, yaani mwezi, ambayo haina sura ya duara wala ya hilali, kwa kuwa ni umbo lenye pembe nane ambalo mtu asiyeijua kazi hiyo angeliita nyota bila kusita. Historia ya umbo hilo, pamoja na ya pembetatu za kinga zinazoandamana nalo kwenye kifua na pindo la kanzu, imesimuliwa mara nyingi kana kwamba ni historia ya imani za siri zilizorithiwa moja kwa moja kutoka kwa Wakanaani wa kale. Ushahidi uliopo hauruhusu wepesi huo. Unachoonyesha ni kwamba nguvu ya alama hizo, kwa maoni ya waliozishona, ilitokana zaidi na mahali zilipowekwa mwilini na kipindi cha maisha ambamo nguo ilivaliwa kuliko na picha zenyewe.

Darizi hiyo kwa Kiarabu huitwa tatriz, na mshono wake mkuu huitwa fallahi, jina linalotokana na wakulima, kwa sababu ilikuwa kazi ya wanawake wa vijijini, huku wanawake wa miji mikubwa wakifuata mitindo ya mavazi ya Dola ya Uthmaniya. Mshono wa msalaba ni vipande viwili vya uzi vinavyolazwa mshazari na kukatana, vikaacha alama mfano wa herufi X, na mshonaji hachori chochote kwenye kitambaa kabla ya kuanza, kwani anachofanya ni kuhesabu nyuzi za mtande, ambazo ni zile zinazokwenda wima, na za mshindio, ambazo ni zile zinazopita mlalo, kisha kujaza viraba vinavyopatikana baina yake. Kwa sababu hiyo mistari inayotoka safi katika ufundi huu ni ya aina tatu tu, yaani wima, mlalo na mshazari wa digrii 45, na duara lolote dogo litakalojaribiwa hutoka na kingo zenye vidato. Umbo la pembe nane, kinyume chake, hujengwa kwa visambamba vinane vinavyokutana kitovuni, na hakuna kinachohitaji mstari nje ya aina zilezile tatu ambazo kitambaa kinazikubali, kwa hiyo mwanamke aliyetaka kuweka kifuani mwake kitu cha kung'aa, chenye kitovu na miale, alikuwa ameelekezwa kwenye umbo hilo na kitambaa chenyewe kabla hata hajaamua kuliita mwezi.

Hoja hii ya ufundi ina uzito kuliko inavyopewa kwa kawaida, kwa kuwa inaeleza jinsi umbo hilohilo lilivyotokea katika darizi za visiwa vya Ugiriki, za Anatolia na za Balkani, na hata katika glavu za sufu za Selbu nchini Norway, kwa wafumaji ambao hawakuwa na habari yoyote ya kanzu za Palestina. Kila mahali ambapo kazi hufanywa kwa kuhesabu viraba, pembe nane hujitokeza, na jina linalopewa, liwe nyota, waridi au mwezi, ni uamuzi wa wenyeji wa mahali hapo. Wapalestina waliliita mwezi, jambo lisiloshangaza katika jamii ambayo miezi ya ibada huhesabiwa kwa mwandamo na ambayo mwanamke mzuri husifiwa kwa kuitwa qamar.

Aina yake inayojulikana zaidi ni ile iitwayo mwezi wa Bethlehemu, na hapa pana jambo la kuchekesha kidogo. Mji wa Bethlehemu wenyewe haukusifika kwa mshono wa msalaba. Ulisifika kwa mshono wa kulaza, ambao uzi mnene wa hariri au wa zari hulazwa juu ya kitambaa ukiviringishwa katika mikunjo na miduara, kisha hubanwa kwa mishono midogo ya uzi mwingine, na kwa ufundi huo, uliotumiwa kwenye vifua vya nguo za harusi za thamani kubwa ziitwazo malak, washonaji wa Bethlehemu wangeweza kabisa kutengeneza mwezi wa duara kamili kama wangetaka. Mwezi unaobeba jina la mji wao ulishonwa kwa misalaba na wanawake wa vijiji vya sehemu nyingine za nchi.

Majina ya alama za tatriz yana tabia hiyo ya kutotulia. Grace Crowfoot na Phyllis Sutton, walioandika kuhusu darizi ya Ramallah mwaka 1935, na baada yao Shelagh Weir wa Jumba la Makumbusho la Uingereza, ambaye kitabu chake kuhusu mavazi ya Palestina kilitoka mwaka 1989, walikusanya majina kutoka kwa washonaji wenyewe, na yakadhihirika kuwa majina ya vitu vilivyoizunguka jamii ya wakulima: mberoshi, mitende, mashuke ya ngano, manyoya ya ndege, na katika eneo la Hebroni mahema ya Pasha, jina ambalo ni kumbukumbu ya utawala wa Kiuthmaniya. Umbo moja liliweza kuwa na jina hili katika kijiji kimoja na jina lingine katika kijiji cha jirani, na mara nyingi jina lilikuwa njia ya kukumbuka hesabu ya mishono tu. Mtu anayedai kwamba kila umbo lilikuwa na maana moja ya siri iliyojulikana na wote anadai jambo ambalo washonaji hao hawakulisema.

Hata hivyo, kuna alama moja ambayo maana yake ya kinga haina shaka, nayo ni pembetatu iitwayo hijab, neno ambalo katika muktadha huu halihusu ushungi wa kichwani, kwani linataja hirizi. Hirizi yenyewe, kama ile inayofahamika katika pwani ya Afrika Mashariki, ilikuwa karatasi yenye aya au majina matukufu iliyokunjwa na kushonewa ndani ya kitambaa au ngozi, au kutiwa ndani ya kikasha cha fedha, na mara nyingi ilikuwa na umbo la pembetatu. Mshonaji alilichukua umbo hilo la nje na kulirudia kwa nyuzi kwenye nguo, bila maandishi yoyote ndani yake, kana kwamba umbo peke yake lilikuwa limekwisha kujaa nguvu ya kile ambacho kwa kawaida lilikifunika. Pembetatu hizo zilipangwa kwa safu, na zilionekana hasa pale nguo inapokoma na mwili unapoanza, kama vile kwenye shingo na kwenye pindo, yaani milango ambayo, kwa imani ya wakati huo, husuda na viumbe wasioonekana wangepitia.

Aliyeziandika imani hizo kwa makini zaidi alikuwa daktari. Tawfiq Canaan, aliyezaliwa mwaka 1882 na kufariki mwaka 1964, alitibu wagonjwa Yerusalemu na wakati huohuo akakusanya hirizi zaidi ya 1,300, nyingi akizipata kutoka kwa wagonjwa wake, na kila moja akijitahidi kujua ilivaliwa na nani na dhidi ya dhara gani. Mkusanyiko huo una shanga za buluu, vipande vya shabu, vifuko vya maandishi, mikono ya fedha na mapambo mengine, na unasaidia kuelewa kwamba darizi ilikuwa sehemu moja tu ya mfumo mpana wa kinga uliomzunguka mwanamke, hasa alipokuwa bibi harusi, mjamzito au mzazi mpya, vipindi ambavyo jicho la husuda liliaminika kuwa kali kuliko wakati mwingine wowote. Nyumba ya Canaan iliporwa katika vita vya mwaka 1948 na maktaba yake ikapotea, lakini hirizi zilinusurika kwa kuwa zilikuwa zimepelekwa kuhifadhiwa mahali pengine mapema mwaka huo, na leo zimo katika Chuo Kikuu cha Birzeit.

Msichana alianza kujifunza sindano akiwa na umri wa miaka sita au saba, akinakili kutoka nguo za mama na shangazi zake kwa kuhesabu, na miaka iliyofuata aliitumia kujishonea nguo za harusi, kwa hiyo kufikia siku ya ndoa alikuwa amekwisha kujitengenezea kwa mkono wake mwenyewe sehemu kubwa ya kinga yake. Kipande cha kifuani, kiitwacho qabba, kilishonwa peke yake kisha kikabandikwa kwenye kanzu, na kanzu ilipochakaa qabba ilifumuliwa na kuhamishiwa kwenye nguo mpya. Sababu ya kwanza ya desturi hiyo ni ya kiuchumi, kwani hariri ilikuwa ghali na kazi ya miezi mingi haitupwi, ila matokeo yake yalikuwa kwamba sehemu ya nguo iliyojaa alama nyingi zaidi iliambatana na mwili uleule kwa miaka mingi.

Rangi nayo ilisema mambo ambayo umbo halikusema. Nyekundu ilitawala darizi ya vijiji vingi, na wanawake wa Kibedui wa Naqab, jangwa la kusini mwa Palestina, walitumia nyekundu kwa mwanamke aliyeolewa na buluu kwa msichana asiyeolewa au mjane, huku mjane aliyekuwa tayari kuolewa tena akirejesha nyekundu kidogo ndani ya buluu yake. Buluu iliyopatikana kwa mmea wa nili ilihesabiwa pia kuwa rangi ya kuzuia jicho la husuda.

Kuhusu ukale wa umbo la pembe nane lenyewe, hakuna ubishi kwamba nyota ya namna hiyo ilichongwa Mesopotamia kama alama ya mungu wa kike Ishtar zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, na ni kutokana na ukweli huo kwamba baadhi ya waandishi wa karne ya 20 walivuta mstari ulionyooka kutoka Ishtar hadi Wakanaani, na kutoka Wakanaani hadi kanzu ya Ramallah. Kitambaa huoza, na nguo za Kipalestina zilizomo katika makumbusho ni za karne ya 19 na kuendelea, kwa hiyo kati ya jiwe la Mesopotamia na kanzu kongwe iliyopo kuna pengo refu mno la kuzibwa kwa kufanana kwa maumbo peke yake. Kiungo cha kuaminika zaidi kiko karibu kuliko hapo. Jumba la Makumbusho la Ashmolean mjini Oxford lina vipande vingi vya kitani kilichodariziwa Misri, vilivyokusanywa na Percy Newberry, na vile vya enzi za Wamamluki, waliotawala Misri na Shamu kuanzia mwaka 1250 hadi 1517, vinaonyesha kwamba maumbo ya pembe ya kushonwa kwa kuhesabu nyuzi yalikuwa kazi ya kawaida katika eneo ambalo Palestina ilikuwa sehemu yake. Urithi wa miaka 600 au 700 ni mrefu vya kutosha, na hauhitaji kuongezewa miungu.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na biashara ya nyuzi. Hadi mwanzoni mwa karne ya 20 washonaji walitumia hariri, iliyotoka hasa Syria, na kufikia miaka ya 1930 nyuzi za pamba za kampuni ya Kifaransa ya DMC, iliyoanzishwa Mulhouse mwaka 1746, zilikuwa zimeingia masokoni zikiwa na rangi zisizochujuka. Zilifuatana na vitabu vya vielelezo vilivyochapishwa juu ya viraba, na waridi, vyungu vya maua na ndege wawili wanaotazamana wakaanza kuchukua nafasi kifuani, wakiisukuma miezi na hirizi pembeni. Wapo wanaolalamikia jambo hilo kama uchafuzi, lakini washonaji waliyapokea maua hayo kwa hiari, wakayapa majina yao na kuyapanga kwa mpangilio wao, nao mberoshi na hema la Pasha viliwahi kuwa vipya vilevile.

Mwaka 1948 zaidi ya Wapalestina 700,000 walipoteza makazi yao na vijiji zaidi ya 400 vikabaki bila watu, na katika kambi za wakimbizi wanawake waliotoka sehemu ambazo hazikuwahi kupakana wakajikuta wakiishi mlango kwa mlango, hata nguo ikapoteza uwezo wake wa kumtambulisha mvaaji kwa kijiji chake. Darizi iligeuka kazi ya kipato, chini ya miradi kama Sulafa ya Gaza, iliyoanzishwa na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi mwaka 1950, na chama cha Inaash cha Lebanon, kilichoanzishwa mwaka 1969, na bidhaa zikawa mito, mikoba na vitambaa vya mezani. Ni vigumu kutoona kwamba tafsiri za siri za alama zilistawi hasa katika kipindi hicho, kwa kuwa mnunuzi wa mto wenye mwezi wa Bethlehemu alihitaji kuelezwa alichonunua, jambo ambalo mama aliyeivaa kanzu hakuwahi kulihitaji. Wakati wa maasi yaliyoanza mwaka 1987, yajulikanayo kama Intifada, ambapo kupeperusha bendera ya Palestina kulikuwa kosa, wanawake walishona rangi zake, ramani ya nchi na Kuba ya Mwamba kwenye kanzu zao, na mshono uliowahi kutumika kufukuza husuda ukatumika kutamka lililokatazwa hadharani.

UNESCO iliiingiza darizi ya Palestina katika orodha yake ya urithi usioshikika mwaka 2021. Vielelezo vya mwezi wa pembe nane sasa husambazwa kwa intaneti pamoja na vielelezo vya Ulaya na Marekani vinavyoonyesha hatua za mwezi, karata za kupigia ramli na alama za unajimu, vyenye vivuli vingi vya rangi na mishono ya nyongeza inayopitishwa juu ya misalaba ili kulainisha ukingo wa hilali. Makumbusho kwa upande wake yamejifunza tahadhari: mkusanyiko wa Widad Kawar, uliohifadhiwa Amman katika kituo cha Tiraz, na ule wa Jumba la Makumbusho la Palestina, lililofunguliwa Birzeit mwaka 2016, huipa kila nguo kwanza mahali ilikotoka na wakati wake, na maelezo ya alama zake hufuata baadaye.