Mama Kayai: 'Mke wa Ojwang' aliyefika Arusha kabla Bara haijawa na TV

Taja jina la Mary Khavere ndani ya kifodi kinachotoka Olmotonyi kwenda mjini, wengi watakuangalia tu. Sema Mama Kayai, na abiria mwenye miaka 45 kwenda juu atacheka kabla hujamaliza. Atakuuliza: "Yule wa Ojwang?"

Ndiye huyo. Mwigizaji wa Kenya aliyevaa uhusika wa Mama Kayai kwenye kipindi cha vichekesho cha Vitimbi, cha Shirika la Utangazaji la Kenya, KBC. Kwa familia nyingi za Arusha na Moshi zilizokuwa na TV enzi hizo, alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kuigiza Kiswahili kwenye runinga zao. Na hakuwa Mtanzania.

Ilikuwaje Kenya ikaonekana Arusha?

Tanzania Bara ilichelewa sana kuwa na TV. Zanzibar ilianza mapema miaka ya 1970, tena na picha za rangi. Huku Bara, serikali ya wakati huo iliona runinga ni anasa ambayo nchi haiwezi kuibeba, redio inatosha. Ilibidi tusubiri hadi 1994 ndipo vituo binafsi kama ITV vikaanza kurusha matangazo. Televisheni ya taifa, TVT, ilikuja 2000.

Kenya walikuwa na TV tangu miaka ya mwanzo ya 1960. Sasa chukua ramani. Kutoka Arusha hadi mpaka wa Namanga ni kama kilomita 110, na barabara yenyewe ndiyo hii inayopita Ngaramtoni na Olmotonyi. Mawimbi hayana pasipoti. Aliyekuwa na seti na antena ndefu juu ya paa alinasa matangazo ya jirani, siku nyingine safi, siku nyingine chenga tupu.

Mawimbi ya TV husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo mlima ukikaa katikati, picha inakufa. Kuzunguka Meru, hilo lilikuwa na maana kubwa: nyumba moja inaona, ya pili bondeni haioni kitu. Ndiyo maana TV ilikuwa ya mtaa mzima. Mwenye seti anafungua mlango, watoto wanakaa chini, mmoja anapanda juu kuzungusha antena huku wa ndani wanapiga kelele, "Hapo hapo! Usiguse!"

Mama Kayai ni nani hasa?

Khavere aliibuka kwenye TV ya Kenya miaka ya 1980, wakati shirika hilo bado likiitwa Sauti ya Kenya, VoK. Jina la KBC lilirudi 1989. Vitimbi ilikuwa ni kisa cha mke na mume, majirani na wababaishaji wanaowazunguka. Kulikuwa na Mogaka, Maliwaza, Masanduku, kila mmoja na lafudhi yake. Katikati wanakaa wawili: Mzee Ojwang na Mama Kayai.

Ojwang ndiye aliyepewa ujanja, uongo na uzembe. Anaahidi, anakopa, anajificha. Mama Kayai ndiye anayembana. Ukiangalia vizuri, kazi yake ndiyo ngumu zaidi. Mchekeshaji anayefanya vituko anahitaji mtu wa kumwamini, kumshtukia, kisha kumkasirikia, na akikosea muda kidogo tu kichekesho kinaanguka. Khavere alikuwa na jicho lile la mama aliyekwishajua kila kitu ila anasubiri uendelee kudanganya. Wengi wetu tunalijua jicho hilo kutoka nyumbani.

Halafu kuna lugha. Kiswahili cha Vitimbi kilikuwa kile cha mtaani Kenya, kimechanganyika na lafudhi za makabila. Kwa mtazamaji wa Tanzania, aliyezoea Kiswahili cha redio ya taifa, hicho peke yake kilikuwa kichekesho. Lakini alielewa kila neno. Hakuhitaji mkalimani wala maandishi chini ya picha.

Ndoa iliyokuwa ya kwenye skrini tu

Hapa ndipo wengi waliingizwa mjini. Watu waliamini kabisa kwamba wawili hawa ni mke na mume, na kwamba ni Wajaluo. Kumbe Ojwang, jina lake halisi Benson Wanjau, alikuwa Mkikuyu. Khavere ni jina la upande wa Waluhya, magharibi mwa Kenya. Kila mmoja alikuwa na familia yake.

Wanjau alifariki 12 Julai 2015 jijini Nairobi, akiwa na miaka 78. Wakati wa msiba ule, macho ya wengi yalimgeukia Mama Kayai kana kwamba yeye ndiye mjane. Watu walimpa pole ya mke. Si jambo dogo kwa mtu aliyefiwa na mfanyakazi mwenzake wa miaka mingi, huku mjane na watoto wa marehemu wakiwepo.

Jina lenyewe la uhusika nalo linachekesha ukilifikiria. Kwa desturi yetu mwanamke akizaa anaitwa kwa jina la mtoto, Mama Neema, Mama Juma. Khavere alipoteza jina lake kwa mtoto wa kwenye hadithi.

Umaarufu na mfuko ni vitu viwili

Miaka michache kabla ya kifo cha Wanjau, Wakenya walichanga fedha ili atibiwe macho. Habari hiyo iliwashtua wengi: staa wa miongo mitatu anachangiwa? Ndivyo mambo yalivyo kwa waigizaji wengi wa kizazi hicho. Walilipwa kwa kazi ya siku ile, na kipindi kikirudiwa mara 10, mara nyingi haikuwahusu tena.

Sheria zimebadilika kiasi. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya 2001, na chombo kinachokusanya mirabaha kwa niaba ya waigizaji na watumbuizaji. Tanzania ina sheria yake ya 1999 inayosimamiwa na COSOTA. Kimataifa kuna Mkataba wa Beijing wa 2012, ulioanza kutumika Aprili 2020, unaowapa waigizaji wa filamu na TV haki juu ya maonyesho yao yaliyorekodiwa. Moja ya haki hizo ni kutajwa kwa jina. Ni haki ambayo wanaomjua Mama Kayai bila kumjua Mary Khavere wangeielewa haraka.

Kwetu hapa hali inafanana. Grace Mapunda alipofariki 2 Novemba 2024, simu nyingi zilipokea ujumbe kwamba "Tessa wa Huba" ametutoka. Wapo waliolazimika kuona picha kwanza ndipo wakajua jina lake halisi. Tamthilia hiyo ya Maisha Magic Bongo ilimweka sebuleni kwa watu, kama Vitimbi ilivyomweka Khavere, na ikalifunika jina.

Unaweza kumwona wapi leo?

Vipande vya Vitimbi vipo YouTube. Picha nyingine zina ukungu na sauti inakwaruza, maana zimetoka kwenye kanda za zamani. Tumia Wi-Fi kama unayo, vinginevyo bando litakwisha. Na kama kuna mzee nyumbani aliyekulia pande hizi za Meru, mwekee sauti tu bila kumwonyesha skrini, uone atachukua sekunde ngapi kumtaja anayeongea.