Barakoa ya bibi na barakoa yangu

Niko Kilwa Masoko tangu juzi kwa shughuli za gazeti. Jana jioni pale bandarini, nikisubiri upepo utulie nivuke kwenda Kisiwani, nikatia mkono kwenye mfuko wa pembeni wa begi langu la zamani, nikatoka na nini? Barakoa ya kitenge, imejikunja kama kitambaa cha kuipulia sufuria. Nahodha akacheka: "Kumbe bado mnazo hizo, mwandishi?"

Nikaanza kuwaza lile jina lenyewe. Wengi tunadhani barakoa ni neno la mwaka 2020. Wapi! Limetoka kwenye Kiarabu, na mwambao huu unalijua siku nyingi. Kilikuwa kifuniko cha uso cha wanawake wa familia za Kiarabu zenye uwezo, hasa Unguja, kimetiwa nakshi na macho yanaonekana. Binti Sultani Salme, yule aliyetoroka Unguja mwaka 1866 na baadaye kuitwa Emily Ruete, ameieleza kwenye kumbukumbu zake zilizotoka Ujerumani mwaka 1886. Ilikuwa alama ya cheo, haikuhusiana na maradhi hata kidogo. Karne ya 20 ilipoanza, buibui likashika nafasi, barakoa ikabaki kwenye picha za kale.

Ndiyo maana bibi yangu wa Kilwa Kivinje aliposikia redioni mwaka 2020 kwamba watu wavae barakoa, aliniuliza, "Mjukuu wangu, mnaolewa na nani?"

Hii ya maradhi ina historia yake. Mwishoni mwa 1910 tauni ya mapafu iliingia Manchuria, kaskazini mwa China. Daktari kijana aliyezaliwa Penang na kusomea Cambridge, Wu Lien-teh, akasema ugonjwa unapita kwenye hewa, akaagiza watu wafunge pamba na kitambaa cha bandeji usoni. Daktari mmoja Mfaransa, Mesny, mzoefu kuliko yeye, alimdharau, akaingia wodini bila kitu. Siku chache baadaye akafa. Tauni ile iliua watu wapatao 60,000. Yalipokuja mafua makubwa ya 1918, mji wa San Francisco ukalazimisha barakoa kwa sheria, na Januari 1919 wananchi wakaunda chama cha kuipinga! Kwa hiyo ubishi wetu haukuwa mpya.

Na Kilwa nayo inajua magonjwa ya mlipuko. Richard Burton alipofika huku mwanzoni mwa 1859 alikuta kipindupindu kimefyeka watu, akaandika habari za maiti zilizotupwa bila kuzikwa. Enzi hizo wengi waliilaumu hewa chafu, kumbe adui alikuwa kwenye maji. Barakoa isingewasaidia kitu. Wu alikutana na ugonjwa ambao kweli ulipita hewani, ndiyo tofauti.

Turudi kwetu. Mgonjwa wa kwanza wa corona alitangazwa Arusha Machi 16, 2020. Baada ya Aprili 29 takwimu zikakoma: wagonjwa 509, vifo 21. Zikakaa kimya zaidi ya mwaka. Wakati Kenya ukikamatwa bila barakoa faini ilifika shilingi 20,000, huku kwetu aliyevaa ndiye aliyeangaliwa kama mwenye mkosi. Februari 17, 2021 akafariki Maalim Seif, ambaye chama chake kilikuwa kimesema wazi kuwa anaugua corona. Siku nne baadaye Rais Magufuli akasema serikali haijakataza barakoa, ila watu watumie zilizotengenezwa nchini. Mei mwaka huohuo Rais Samia akaonekana amevaa mbele ya wazee wa Dar es Salaam, na Julai 28 akazindua chanjo kwa kuchanjwa yeye mwenyewe.

Mimi wakati huo nilikuwa mwanafunzi, niko field kwenye gazeti moja. Niliandika habari ya mazishi yaliyofuatana mtaa mmoja. Ilirudi ikiwa na maneno "changamoto ya upumuaji", kisha haikutoka kabisa. Sikubisha. Nilitaka alama zangu.

Mwisho wa Februari ile bibi akafariki. Alikohoa siku tano. Nilifika Kivinje nikiwa nimevaa hii hii ya kitenge, mama yangu mdogo alinishonea. Uwani watu wamebanana, wanawake wanalia. Mjomba akaniangalia tu, hakusema neno. Nikaivua nikaitia begini, kwenye mfuko uleule. Wiki iliyofuata mjomba akalazwa. Alipona, alhamdulillah. Sijui aliupata wapi, labda hata si pale. Lakini tangu siku ile sijamuuliza kuhusu yale macho, naye hajanieleza.

Nahodha akaita, upepo umetulia. Nikaikunja vizuri nikairudisha palepale.