Kumsaidia mzee mwenye shinikizo la damu asikose dawa

MZEE anayeugua shinikizo la damu mara nyingi huacha dawa siku anapojihisi mzima. Maradhi haya, ambayo wengi huyaita presha, aghalabu hayana dalili. Kipimo kikishuka chini ya 140/90, mgonjwa hudhani amepona, ilhali ni dawa iliyokishusha. Akiiacha hupanda tena, na hatari ya kiharusi au figo kuharibika ikarejea.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria mwaka wa 2003 kuwa hata katika mataifa tajiri ni takriban nusu tu ya wagonjwa wa maradhi ya kudumu wanaofuata tiba ipasavyo.

Si wote wanaosahau. Dawa za kuongeza mkojo humlazimu mzee kwenda haja mara kwa mara, hivyo anayesafiri kwa matatu huziruka makusudi, naye huona haya kulisema hilo mbele ya wanawe. Amlodipini yaweza kuvimbisha vifundo vya miguu. Enalaprili huwaletea baadhi kikohozi kikavu. Anayemtunza na aulize kwa upole, kisha amweleze daktari, ambaye aweza kubadilisha dawa au saa ya kuimeza. Ya kuongeza mkojo kwa kawaida humezwa asubuhi, usiku upate kuwa wa kulala.

Wengine humeza leo na kuruka kesho ili tembe zidumu. Hapo tatizo ni pesa, na kumkaripia hakusaidii kitu.

Bahasha ya duka la dawa nayo huandikwa 1x2, yaani tembe moja mara mbili kwa siku, maandishi yasiyomfaa asiye na miwani. Heri achorewe jua na mwezi. Kasha lenye vyumba saba, kimoja kwa kila siku ya juma, huonyesha mara moja iwapo ya jana ilimezwa. Likiwekwa kando ya birika la chai ya asubuhi, hukumbukwa pasipo kuhimizwa. Mgonjwa wa tembe nyingi aweza pia kumuuliza daktari kuhusu tembe moja iliyochanganya dawa mbili, aina ambayo WHO iliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka wa 2019.

Iwapo dozi imesahaulika, imezwe inapokumbukwa, isipokuwa saa ya inayofuata imekaribia. Mbili zisimezwe pamoja. Dawa za maumivu ya viungo kama ibuprofeni na diklofenaki huweza kupandisha shinikizo, kwa hivyo siku ya kliniki mzee abebe kila anachokitumia, hata mitishamba.