Difraksheni ya elektroni na nakshi zake

Ukipita Mkindo, jirani na Turiani, wakati majaruba ya mpunga yamejaa maji, dondosha kijiwe kwenye jaruba moja. Viwimbi vitakwenda hadi kwenye tuta, na pale mkulima alipokata mwanya wa kupitishia maji, vitapenya. Vikitokea upande wa pili haviendi mbele tu: vinatanuka kwa nusu duara, hadi nyuma ya tuta ambako usingetarajia wimbi lifike.

Hiyo ndiyo difraksheni. Yapo maneno yetu matatu yanayojipendekeza kuchukua nafasi ya neno hilo. Mpindo lina kazi nyingine, maana kijiti ndani ya glasi ya maji ndicho kinachoonekana kimepinda, na sababu yake si hii. Mchepuko mtaani limeshachukuliwa na mambo ya ndoa. Mtawanyiko ndilo linalopotosha zaidi: linaleta picha ya mahindi yaliyomwagika kutoka kwenye gunia, ilhali difraksheni huzaa mpangilio.

Mpangilio huo unaonekana usiku. Tazama taa ya pikipiki iliyo mbali kupitia kitambaa cha mwavuli uliokunjuliwa. Badala ya taa moja utaona vidoa vya nuru vimejipanga kwa msalaba. Zungusha mwavuli, na msalaba nao unazunguka. Nyuzi zilizofumwa kwa mistari sawa ndizo zinazochora picha ile, na kadiri mfumo unavyokuwa mwembamba, ndivyo vidoa vinavyoachana. Picha hiyo naiita nakshi, kama ya mlango wa Pwani, kwa kuwa ni umbo linalojirudia kwa kanuni.

Fuwele nayo ni kitambaa kilichofumwa kwa atomu. Punje ya sukari kutoka Mtibwa ni fuwele. Nikeli na silikoni pia. Ila nafasi kati ya atomu ni ndogo mno kwa nuru ya taa; linatakiwa wimbi fupi zaidi, na elektroni nayo huenda kama wimbi. Mwaka 1927 Davisson na Germer, huko New York, waliielekeza miale ya elektroni kwenye fuwele ya nikeli, na kwa volti 54 elektroni zikarudi kwa wingi katika pembe moja maalumu. Wimbi la elektroni hizo lilikuwa na urefu wa nanomita 0.167 hivi, unaokaribiana na nafasi za atomu. Mwaka huohuo G. P. Thomson, huko Aberdeen, alipitisha elektroni kwenye utando mwembamba akapata nakshi ya duara. Davisson na Thomson waligawana Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1937.

Leo elektroni hutumika kuutazama utando ukikua ndani ya ombwe. Mwale hupita karibu sambamba na uso, kwa pembe ya digrii chache tu. Fikiria fundi mwashi: kozi ya matofali ikiwa nusu, juu ya ukuta pana mabonde, ikikamilika, panalala sawa. Doa la nakshi hufuata mwendo huo, hufifia tabaka likiwa nusu na kung'aa likijaa. Kufifia na kung'aa mara moja ni tabaka moja la atomu limehesabiwa.

Uso hubadilika pia kwa joto. Atomu za juu za silikoni zinaweza kujipanga kwa umbo la msambamba wa pande sawa, saba kwa saba, na mpangilio huo huongeza vidoa kwenye nakshi. Ukipita nyuzi 830 hivi za Selsiasi vidoa hivyo vya ziada vinatoweka, na silikoni bado ni yabisi, kwani huyeyuka kwenye 1,414. Kuita hili badiliko la hali kunamfanya mwanafunzi adhani kuna kitu kimeyeyuka. Badiliko la awamu ya uso ni sahihi zaidi.

Hukumu yangu: tubaki na difraksheni. Hata Waingereza walilipokea kutoka Kilatini, kwa Grimaldi wa Bologna, ambaye kitabu chake kilitoka 1665. Lakini lizungukwe na maneno yetu: nakshi, fuwele, utando, uso, ombwe. Na wewe mwalimu wa fizikia, kipindi cha mawimbi kikifika, ingia darasani na mwavuli.