Mipaka ya Shamba na Kiini cha Mashine

Baba yangu alifyeka shamba la Goba mwaka 1974, wakati nchi imekumbwa na ukame na kila mwenye nguvu akihimizwa kushika jembe. Goba ya siku zile ilikuwa vilima na makorongo, mihogo, minazi na mikorosho, na aliyekwenda huko kutoka mjini aliaga kama msafiri. Leo imejaa nyumba na kuta ndefu, nayo imehamia Wilaya ya Ubungo baada ya kuwa sehemu ya Kinondoni kwa miaka mingi. Ardhi iliyotolewa kwa neno la jirani sasa inauzwa kwa mamilioni, na kila hatua ina mgombea wake.

Mwaka huohuo wa 1974 serikali ilitoa amri nyingine, isiyohusu jembe: ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Mtambo wa kwanza ulikuwa umefungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini kazi ya hesabu haikwenda kama ilivyotarajiwa, na fedha za kigeni zilikuwa haba. Marufuku hiyo ilidumu miaka kadhaa. Simlaumu aliyeitoa, kwani mwenye njaa hununua unga kwanza. Lakini matokeo yake sisi wa rika langu tuliikuta kompyuta ukubwani, tukajifunza kubonyeza pale tulipoelekezwa, basi. Kufungua na kutazama ndani tuliona ni kazi ya wataalamu wa mbali.

Wakati sisi tukijifunza kubonyeza, mwaka 1991 kijana mmoja wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, aliandika kiini cha mfumo wa kompyuta, ambacho mafundi hukiita keneli. Kiini, ndugu msomaji, ni kama karani wa ghala. Programu haijichukulii kumbukumbu wala umeme; huomba kwa kiini, nacho huamua nani apewe, kiasi gani, na kwa muda gani. Mwaka 1992 Torvalds alikiweka kiini chake, Linux, chini ya leseni ya GPL iliyobuniwa na Richard Stallman. Sharti la leseni hiyo ni rahisi kulieleza: yeyote anayekigawa kiini, hata akikibadili, lazima awape wapokeaji maandishi yake ya asili.

Hapa nyumbani, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitumia uhuru wa namna hiyohiyo, na mwaka 2004 ukatoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazosema Kiswahili. Mwaka 2008 ikatoka simu ya kwanza ya Android, ambayo ndani yake kuna kiini cha Linux. Basi kila kishikwambi cha Android kinachouzwa Kariakoo kimebeba haki ambayo mnunuzi wake hajui kwamba anayo.

Mimi nilikuwa mmoja wa wasiojua. Nilinunua kishikwambi changu mwaka 2012. Mwaka uliofuata, baba akiwa mgonjwa, nilikaa naye barazani jioni tatu nikamrekodi akitaja mipaka ya shamba: mkorosho wa kwanza, kichuguu, mwembe uliopigwa na radi, korongo, na majina ya majirani waliokuwepo. Hakumaliza mwaka.

Kufikia 2015 kishikwambi kilikuwa kimezeeka. Kilikwama, kilipata joto, na chaji haikufika jioni, jambo zito kwa mtaa ambao umeme hukatika bila kubisha hodi. Mpwa wangu akasema, "Mjomba, usinunue kingine. Tubadilishe kiini." Alikuwa amepata kiini kilichotengenezwa upya na watu wa kujitolea kutoka kwenye maandishi yale ambayo leseni inalazimisha yatolewe. Ila kwanza ilibidi kufungua kufuli la programu inayoamsha mashine, na kufuli hilo likifunguliwa, kumbukumbu yote ya ndani hufutwa, ili mwizi asiweze kusoma mambo ya mwenye mali.

"Umehamisha kila kitu, mjomba?" aliniuliza, waya ukiwa tayari umechomekwa kwenye kompyuta yake. Nikamjibu ndiyo. Nilikuwa nimehamisha picha na vitabu. Sauti ya baba ilikuwa ndani ya folda ya programu ya kurekodi, ambayo sikuikumbuka. Onyo lilitokea kwenye kioo kwa Kiingereza, nikabonyeza kukubali, kama nilivyofundishwa tangu zamani.

Niligundua usiku. Sikumwambia mpwa wangu kwa siku mbili.

Kazi yenyewe ilifaulu. Kijana alikiwasha kiini kipya kwa majaribio kabla ya kukiweka moja kwa moja, na cha zamani akakitunza pembeni. Kisha tukaanza kukirekebisha. Umeme unaoliwa na bongo la mashine hufuata kasi yake, na hufuata volti ikizidishwa kwa yenyewe. Ukipunguza volti kwa sehemu moja ya kumi, umeokoa karibu sehemu moja ya tano ya umeme huo. Tulishusha milivolti 25, tukakitumikisha saa nzima, tukashusha tena. Hatua ya nne kiliganda. Tukarudi hatua ya tatu, kikatulia. Kasi ya juu nayo tukaipunguza kidogo, na kumbukumbu isiyotumika tukaiacha ibanwe ili nafasi ipatikane. Kikawa kinafika jioni. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na mashine ambayo najua kwa nini inafanya inachofanya.

Wapima walipokuja mtaani, nilikwenda na daftari badala ya sauti. Nilikuwa nimeandika nilichokumbuka, nikawasomea wazee wawili mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Upande wa korongo walikubali bila ubishi. Upande wa mashariki nilisema kichuguu, jirani akasema mwembe, na wazee hawakuwa na hakika. Baba angelijua. Niliachia hatua sita, tukapeana mikono.

Watu huniuliza kama najuta kukifungua kishikwambi kile. Hapana. Ninachojuta ni kujibu "ndiyo" bila kutazama. Miaka mingi tulizuiwa kugusa mashine, halafu tukaruhusiwa kuigusa bila kuielewa, na mimi niliposhika ufunguo nilikuwa bado na mazoea ya mgeni. Mwenye mali huzunguka mipaka yake yote kabla ya kuwasha moto shambani. Baba alifanya hivyo mwaka 1974, na alinieleza alivyofanya, katika rekodi ya jioni ya pili.