Trela ya Boti ya Kasi: Vitu za Kucheki Kabla Utoe Doh

Picha ni hii. Ijumaa usiku, boti imeoshwa inang'aa, injini mbili za farasi 300 zimesimama nyuma kama mabaunsa wa klabu, na mbogi iko tayari kushuka Kilifi. Kila mtu anapiga selfie na boti. Hakuna mtu anaangalia ile chuma iko chini yake, na hiyo chuma ndiyo itaamua kama mtafika.

Kwa maji, boti ina usukani. Kwa lami haina. Ni mzigo wa karibu tani tatu unaofuata ndai yako nyuma, barabara moja na mabasi ya usiku na malori ya Mombasa Road. Trela ikikosea, si wewe peke yako utaumia. Kuna msee wa boda pale kando, kuna familia kwa Probox inayokuja mbele.

Pengine boti si yako. Pengine ni ya bosi, ama mmechanga na maboyz, ama umepewa kazi ya kuitoa Nairobi hadi coasto. Bado mwenye ameshika usukani ni wewe, kwa hivyo hii maneno inakuhusu.

1. Sahau futi, piga hesabu ya kilo

Makosa ya kwanza ya wasee wengi ni kuuliza trela kwa urefu: "Niko na boti ya futi 26, nipe trela ya futi 26." Urefu unakuambia kama boti itatoshea. Haukuambii kama trela itaibeba.

Tena ile kilo imeandikwa kwa brosha mara nyingi ni ya boti kavu, bila mafuta na bila mizigo. Kwa boti zenye injini za nje, mara nyingi hata injini hazijahesabiwa. Cheki hii hesabu ya mfano:

- Boti kavu: kilo 1,900
- Injini mbili za farasi 300, tuseme kilo 240 kila moja: kilo 480
- Petroli lita 500 (lita moja ni kama kilo 0.75): kilo 375
- Betri, nanga, kamba, life jacket, kula na kunywa: kilo 150
- Trela yenyewe: kilo 650

Jumla ni kilo 3,555. Umeanza na boti ya "tani mbili hivi", sasa umepita tani tatu na nusu na bado mtu hajarusha begi lake ndani.

Sasa tafuta kile kibati kiko kwa fremu ya trela. Kimeandikwa uzito wa juu kabisa, yaani trela na mzigo wake pamoja. Hiyo namba inafaa kuzidi jumla yako, na si kwa kilo tano. Acha nafasi ya kama asilimia 15. Na kama trela haina kibati, usikubali muuzaji akikadirie kwa macho.

Ukitaka ukweli kamili, peleka boti na trela kwa mzani. Namba ya mzani haibishani na mtu.

2. Gari yako inaweza?

Kila gari ina kiwango cha kuvuta kimeandikwa kwa kitabu chake. Mara nyingi ziko namba mbili. Trela isiyo na breki, gari nyingi zinaishia kilo 750. Trela yenye breki, gari kubwa kama Land Cruiser 300 inafika kilo 3,500.

Rudi kwa hesabu yetu: kilo 3,555. Hata hiyo ndai ya masonko imepitwa. Lakini kuna dawa rahisi. Badala ya kubeba lita 500, beba 100 na ujaze tangi ukifika. Umepunguza kilo 300, sasa uko kwa 3,255. Hujatoa hata shilingi.

Kumbuka pia gari ina kiwango cha uzito wote kwa pamoja, yaani gari, watu, mizigo na trela. Ukijaza watu saba na masanduku kwa paa, ile nafasi ya kuvuta inapungua. Na injini kubwa haimaanishi gari inaweza. Kuvuta ni rahisi. Shida iko kwa kusimamisha.

3. Uzito wa mdomo

Hapa ndipo wengi huchoma. Mdomo wa trela ni pale mbele inapokalia kichwa cha tobaa ya gari. Uzito unaokandamiza hapo ndio unafanya trela ifuate gari kwa adabu.

Mdomo ukiwa mwepesi sana, uzito mwingi uko nyuma ya magurudumu. Lori likikupita, upepo wake unaisukuma boti kidogo, trela inaanza kutingisha mkia, halafu mkia unaanza kuendesha gari. Mdomo ukiwa mzito sana, nyuma ya gari inalala, pua inainuka, na magurudumu ya mbele yanapoteza mshiko. Usukani unakuwa mwepesi wakati unauhitaji zaidi.

Kwa trela ya boti, lenga asilimia 7 hadi 10 ya uzito wote. Kwa kilo 3,255 hiyo ni kati ya kilo 230 na 325. Lakini kitabu cha gari kina kiwango chake cha tobaa, na hicho ndicho mwisho. Kama kiwango cha gari yako ni 150, hiyo boti si ya hiyo gari.

Boti za kasi zina shida ya ziada hapa, sababu injini zote ziko nyuma kabisa. Ndiyo maana trela nzuri inakuwezesha kusogeza ekseli, ama kile kiguzo cha winchi pale mbele, ili boti ikae mahali pake. Uliza kama hizo vitu zinasogea kabla ulipe.

Cheki pia saizi ya kichwa cha tobaa. Kuna cha milimita 50 na kuna cha inchi 2, ambacho ni milimita 50.8. Vinafanana kwa macho. Mdomo wa inchi 2 ukikalia kichwa cha 50 unabaki umelegea, na kulegea kwa tani tatu si mchezo.

4. Breki

Kwa uzito huu, trela lazima iwe na breki zake. Kuna aina mbili utakutana nazo sana.

Ya kwanza ni breki za kusukuma. Gari ikipunguza mwendo, trela inasukuma mdomo wake mbele, na huo msukumo unabana breki. Ni rahisi na hazihitaji waya kwa gari. Shida ni kwamba kwa mteremko mrefu trela inasukuma muda wote, kwa hivyo breki zinabana muda wote na zinachemka. Ukishuka Mai Mahiu kuelekea Naivasha, utajua.

Ya pili ni breki za mafuta zinazoendeshwa na pampu ya umeme, na wewe uko na kidhibiti kando ya usukani. Ni ghali zaidi. Lakini trela ikianza kuyumba unaweza kubana breki za trela peke yake na ikanyooka. Kwa boti nzito ya kasi, kama doh inatosha, chukua hizi, na ziwe za diski zinazostahimili chumvi.

Usisahau ule waya wa dharura. Trela ikichomoka, waya unavuta breki zenyewe. Pamoja na huo, kuwe na minyororo miwili iliyopita msalaba chini ya mdomo.

5. Ekseli na tairi

Kwa boti ya tani mbili kwenda juu, chukua ekseli mbili au tatu. Trela inatulia zaidi, na tairi moja ikipasuka bado kuna zingine zimeshikilia.

Tairi, soma ile namba ya mzigo ubavuni. Namba 97 ni kilo 730 kwa tairi moja, 100 ni kilo 800, 104 ni kilo 900. Kwa mfano wetu, ukitoa uzito ulio kwa tobaa, zinabaki kama kilo 2,950 juu ya tairi nne. Hiyo ni karibu kilo 740 kila moja. Tairi ya 97 imeshashindwa. Ya 100 iko pembeni kabisa. Chukua 104 ulale usingizi.

Angalia pia umri. Kuna tarakimu nne ubavuni: 2319 inamaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2019. Trela za boti hukaa kwa jua miezi na miezi bila kutembea, kwa hivyo tairi inaweza kuwa na meno yote na bado imeoza. Ikipita miaka sita, toa. Na spea lazima, pamoja na jeki inayoweza kuinua huo uzito.

6. Usiharibu tumbo la boti

Hii ndiyo inatofautisha boti ya kasi na ile ya kuvulia samaki. Tumbo la boti ya kasi limechongwa kwa hesabu. Likipinda kidogo tu, boti inabadilika tabia.

Kuna trela za rola na kuna za mbao ndefu zilizofunikwa kapeti. Rola zinasaidia boti kuteleza haraka, lakini uzito wote unakalia sehemu ndogo ndogo. Kwa boti ya kasi, mbao ni poa zaidi sababu zinasambaza mzigo.

Mbao zinafaa kufika hadi mwisho kabisa wa nyuma ya boti. Zikiishia njiani, injini zinaning'inia bila kitu chini, na baada ya muda ukingo wa nyuma wa tumbo unalala kwenda chini. Ukifungua mafuta kwa maji, huo ukingo unainua nyuma na kukandamiza pua. Boti inapoteza mwendo, na mbaya zaidi, inaweza kukata kona yenyewe ukiwa speed.

Kama tumbo lina ngazi, mbao zipangwe zishike sehemu bapa, si ncha ya ngazi peke yake. Njoo na boti yako, ama vipimo vyake kamili, kabla trela itengenezwe.

7. Chuma na chumvi

Trela ya boti inaingia baharini pamoja na boti. Rangi pekee haitoshi. Chagua chuma iliyochovywa kwa zinki ama aluminiamu. Kama ni ya fundi wa jua kali, hakikisha inachovywa baada ya kuchomelewa. Ukichoma juu ya zinki, pale pale ndipo kutu inaanzia.

Ukinunua ya mtumba, gonga fremu kwa nyundo ndogo. Fremu za boksi huoza kutoka ndani huku nje iko fiti. Sauti ikiwa ya kuzubaa, ama vumbi la kutu likimwagika, hepa. Zungusha kila gurudumu usikilize. Likinguruma, beringi zimeisha.

Cheki makaratasi pia. Trela Kenya husajiliwa kivyake, na namba yake inaanza na Z. Na pigia watu wako wa bima simu, uulize kama trela na boti ziko ndani ya cover.

8. Siku ya safari

- Ule mkanda wa winchi si wa kufunga boti. Weka mnyororo mbele na mikanda miwili nyuma.
- Injini ziinuliwe na ziwekewe egemeo. Zisining'inie kwa mitambo yake.
- Jaribu taa zote, breki na indiketa.
- Simama ukifika Athi River. Pitisha mkono karibu na kila kitovu cha gurudumu. Kimoja kikiwa moto kuliko wenzake, kuna shida ya breki ama beringi. Kaza nati tena. Rudia Mtito Andei na Voi.
- Nguvu ambayo breki zinafaa kuua huongezeka mara nne ukitoka 50 kwenda 100. Endesha polepole, na uingie gia ndogo kabla mteremko uanze.
- Trela ikiyumba, usikanyage breki ya gari ghafla na usipige usukani. Toa mguu kwa mafuta, shika usukani wima, na kama una kidhibiti, bana breki za trela pole pole.
- Ukifika majini, chomoa plagi ya taa na uache vitovu vipoe kwanza. Kitovu moto kikiingia maji baridi kinavuta maji ndani. Ukitoka, osha trela yote kwa maji safi, hadi ndani ya breki.

Kama bajeti imebana, usikate kwa breki wala tairi. Kata kwa rimu za kung'aa, kata kwa spika za boti, ama chukua boti ndogo kidogo. Kilifi haihami. Afadhali ufike kesho na injini moja kuliko usifike na mbili.