Kinachowasukuma wanafunzi na madereva kwenye bangi

Langas, mtaa ulio pembezoni mwa jiji la Eldoret, Kaunti ya Uasin Gishu, una msongamano mkubwa wa watu. Humo shule, makazi na steji za bodaboda na matatu hupakana, na wanafunzi na madereva hukutana kila siku. Makundi haya mawili yanakabiliwa na hatari ya kutumbukia katika uvutaji wa bangi.

Sababu ya kwanza ni upatikanaji. Eldoret imo kwenye barabara kuu ya Mombasa hadi Malaba, na sehemu ya bangi inayouzwa nchini hupitishwa mpakani kutoka Uganda. Utafiti wa NACADA wa mwaka 2022 ulikadiria kuwa Wakenya 518,807 wa umri wa miaka 15 hadi 65 walitumia bangi, takriban mmoja kati ya kila 53.

Mwanafunzi husukumwa na shinikizo la marika, mfano wa jamaa anayevuta, ukosefu wa uangalizi, na dhana potofu kuwa bangi hunoa akili. Dereva naye huchoshwa na saa nyingi za kazi na hesabu ya kila siku anayodaiwa na mwenye gari, akaamini kwamba msokoto utamwondolea uchovu na woga.

Ukweli ni kinyume. Bangi hudhoofisha kumbukumbu na makini, hupotosha ukadiriaji wa umbali na huchelewesha dereva kukanyaga breki. Ikichanganywa na pombe, hatari huzidi. Inakadiriwa kuwa mtumiaji mmoja kati ya 10 hupata uraibu. Kwa wanaoanza wakiwa matineja, ni mmoja kati ya sita.

Sheria ya mwaka 1994 ya kudhibiti mihadarati inapiga marufuku bangi, na Sheria ya Trafiki inaharamisha kuendesha gari ukiwa umelewa dawa za kulevya. Hata hivyo, adhabu pekee haitoshi. Mwanafunzi anayefukuzwa shuleni bila ushauri huenda akaishia stejini, alikokuwa akiipata bangi hiyo, na kesho ndiye atakayeshika usukani.

Wazazi, walimu na vyama vya matatu wanaweza kupata ushauri kwa kupiga simu bila malipo nambari 1192 ya NACADA. Mjini Eldoret, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi huwahudumia waraibu.